Kitabu Kilichovaa Khaki

Kuna siku moja ya Agosti, mwanangu, nikiikumbuka hata sasa moyo unanienda mbio, na mimi ni mama mzima mwenye wajukuu na dawa za presha. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, nami nilikuwa na miaka ishirini na tatu. Nimesimama mbele ya duka la vitabu mjini Kajiado, bahasha ya vyeti kwapani, na nimesahau kabisa kilichonitoa nyumbani.

Kilichonitoa nyumbani ni ofisi za wilaya. Nilikuwa nafundisha watoto wa nasari kanisani kwetu Kitengela bila karatasi yoyote ya ualimu, nikaambiwa nipeleke vyeti vyangu vikaangaliwe. Nilipofika, afisa mhusika alikuwa ameenda kunywa chai. Nyinyi mliozaliwa na simu mkononi hamjui chai ya afisa wa enzi zile. Ilianza saa nne na ikaisha ilipotaka. Basi nikatoka kuzungukazunguka mjini, ndipo nikafika kwenye dirisha la duka la Mzee Gitau.

Lilikuwa duka la yunifomu, chaki na vitabu vya darasani, vile vitabu ambavyo hakuna mtu anayevitazama mara mbili kwa hiari yake. Lakini siku hiyo, juu kabisa dirishani, kati ya sweta ya kijani na ramani ya Afrika iliyopaushwa na jua, palikuwa na kitabu kikubwa kama sinia. Usoni pake alikuwa amechorwa kijana mwanamume. Mwanangu, alikuwa mzuri! Nywele ndefu zilizopakwa udongo mwekundu zilimwangukia mgongoni, shanga zilijaa shingoni, na alikuwa na tabasamu la mtu anayejua kwamba wasichana wote wanamtazama. Nyuma yake vumbi la ngoma lilikuwa limepanda mpaka likazima jua. Kila ushanga ulikuwa na rangi yake.

"Zimwi!" nikasema kwa sauti, peke yangu, kando ya barabara. Mama mmoja aliyekuwa akipita na ndoo ya maji akageuka haraka kuangalia nyuma yake.

Nilimjua mara moja kwa sababu nililelewa naye. Susu, yaani nyanya yangu mzaa baba, alinisimulia habari zake tangu nikiwa wa kubebwa mgongoni. Unaijua hadithi yenyewe, maana nami nilikusimulia. Msichana mmoja alikataa wachumba wote wa kwao, kisha akampenda mgeni mzuri aliyemwona kwenye ngoma, akafuatana naye hata bila kuwaaga wazazi. Mdogo wake, ambaye hakualikwa, akawafuata kwa nyuma. Njiani upepo ukavuma, nywele za mgeni zikainuka, na yule mdogo akaona kwamba kisogoni pake pana mdomo wa pili, na mdomo huo unakula nzi. Kumbe bwana harusi ni zimwi. Dada mkubwa haoni kitu, kwa sababu yeye anatembea mbele akitazama uso mzuri. Ni mdogo mtu anayemwokoa kwa kuupaka ule mdomo wa nyuma asali mpaka ukagandamana, usiweze kuwaita mazimwi wenzake.

Nikaingia dukani mbio.

"Hiyo kitabu ya juu," nikasema. "Naomba niione."

"Hiyo ilikuja na makosa, madam," Mzee Gitau akajibu, huku akipanda kwenye stuli. "Ilikuwa ndani ya boksi ya hesabu. Hata sijui nani ataitaka. Wazazi wa hapa wananunua kitabu ya mtihani."

Nikakifungua pale pale kwenye kaunta. Ngoja nikueleze. Ukurasa wa kwanza ulikuwa wa miguu mitupu: miguu ya watu wakicheza, hamna uso hata mmoja, ni vidole na vumbi na bangili tu, na bado ungejua nani amechoka na nani ana furaha. Ukurasa uliofuata ulikuwa wa mbuga, ile nyasi yetu ya Agosti iliyokauka, na twiga wawili wadogo kwa mbali, kama tunavyowaona sisi ukitoka Kitengela kuelekea Isinya. Chini ya kila picha palikuwa na maneno machache ya Kiswahili, basi. Ukurasa wa asali ulikuwa wa rangi ya dhahabu kutoka pembe hadi pembe, nikajikuta nimelamba midomo.

Nilikuwa sijawahi kuona hadithi ya kwetu imevalishwa vizuri hivyo. Vitabu vyenye picha tulivyokuwa navyo nasari vilikuwa vya watoto wa Ulaya wakicheza kwenye theluji, vimeletwa na wageni wa kanisa. Hiki kilikuwa cha Susu. Mtu fulani, sijui wapi, alikuwa amekaa miezi na brashi yake akichora kitu ambacho mimi nilidhani kinaishi kinywani mwa nyanya yangu peke yake.

Mzee Gitau alikuwa ameinamia kaunta, anakitazama kichwa chini. "Hata cucu wangu alikuwa anatuambia hii," akasema, maana kwao nyanya ni cucu. "Lakini yake ilikuwa inaishia mtoni."

Nikamwambia nakichukua. Ndipo akauliza swali ambalo wauza vitabu wote wa siku zile waliuliza, "Nikufunikie?"

Hapo ndipo kosa langu lilipoanzia, mwanangu, na nilidhani ni adabu. Sisi tulifundishwa kwamba kitabu hakitoki dukani uchi. Kinavishwa karatasi ya khaki, kinakunjwa pembe, kinapigwa selotepu, na mwalimu alikuwa akikuchapa ukija na kitabu bila kava. Mzee Gitau alisifika Kajiado nzima kwa kufunika. Nikamwambia afunike mara mbili. Akafunika khaki, kisha juu yake plastiki ngumu, akabonyeza mikunjo kwa rula. Yule kijana mzuri akapotea pamoja na vumbi na shanga zake, nami nikaondoka na kitu cha rangi ya gunia, nikiwa nimefurahi ajabu. Vyeti vyangu vilirudi nyumbani bila kuonwa na mtu.

Nyumbani kwetu kulikuwa na habari moja tu iliyotushughulisha mwaka huo, nayo ni macho ya Susu. Alikuwa na ule ugonjwa unaoitwa presha ya macho. Jicho la kushoto lilikuwa limeshakufa. La kulia lilikuwa likijifunga taratibu kutoka pembeni, mpaka akawa anaona kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Daktari alimpa dawa ya matone, akamwambia baba waziwazi kwamba dawa itachelewesha tu, na kwamba mwaka ukiisha tusitarajie mengi.

Nilimkuta ameketi mlangoni juani, anachagua maharagwe kwa vidole.

"Susu, nimekuja na zimwi!"

"Zimwi gani?"

"Zimwi wetu! Wa mdomo mbili! Wamemchora kwa kitabu."

Alisimama, ungo ukamtoka magotini, maharagwe yakatawanyika. Mwanamke wa miaka zaidi ya sabini, mwanangu, alirukaruka! "Wamemchora na rangi?"

"Rangi zote, Susu."

"Lete nione."

Nami nikamjibu, "Ngoja Krismasi."

Usinikasirikie bado. Wewe hukuikuta nyumba ya mama yangu. Tulikuwa na kabati la vioo sebuleni, na ndani yake vikombe vyenye maua ambavyo bado vilikuwa na stika ya dukani chini. Vikombe hivyo vilikuwa vya wageni. Viti vilivalishwa vitambaa, na vitambaa vyenyewe viliwekewa vitambaa vingine. Baba alikuwa anafanya kazi kwenye kiwanda cha saruji huko Athi River, anarudi mweupe kwa vumbi, anakaa kwenye stuli jikoni ili asichafue kiti alichokinunua mwenyewe. Kitu kizuri kilikuwa na siku yake, na siku yake ni pale watu wengi wapo waone kwamba unacho. Krismasi wajomba na mashangazi wote wangekuja kutoka kijijini kwetu Mwala, nyumba ingejaa, nami ningekitoa kitabu mbele ya watu wote, Susu katikati kama bibi harusi. Niliipanga siku hiyo kichwani mpaka nikajua gauni nitakalovaa. Sikufikiri kwamba ni uchoyo. Nilifikiri ni mapenzi.

Basi kitabu kikaingia kabatini, karibu na vikombe, na ufunguo ukakaa kwangu.

Susu hakugombana nami. Alikuwa akiniuliza tu asubuhi, kwa uchangamfu, kama mtoto anayeulizia sikukuu. "Ni leo?" Namjibu, "Bado, Susu." Anacheka, "Haya, zimwi alale." Septemba ikaenda hivyo. Oktoba akaanza kutafuta mlango kwa mkono. Na nikuambie jambo ambalo sikumwambia hata mama yangu. Kila Jumamosi, nikiwa peke yangu, nilinawa mikono kwa sabuni, nikajifuta, nikafungua kabati, nikakitazama kitabu kile mwanzo mpaka mwisho, kisha nikakirudisha. Watoto wa nasari niliwasimulia habari zake tu, sikuwaonyesha, kwa kuogopa vidole vyao vya uji. Mimi mwenye macho mazima ndiye niliyekuwa nakila peke yangu.

Aliyenishika ni Ngoto Lemayian. Huyu alikuwa jirani yetu Mmaasai, mama wa Lemayian, rika la mama yangu, ambaye alituletea maziwa kila asubuhi tangu tuhamie Kitengela. Mtu mwenye maneno machache na masikio makubwa. Asubuhi moja ya Novemba, mvua ikiwa imekatika na jua limetoka kwa nguvu, akafika na kibuyu chake, akamsalimu Susu kwa Kimaasai kama kawaida yao, akimwita koko, yaani nyanya.

"Takwenya, koko!"

"Iko!" Susu akaitikia, akanyoosha kikombe.

Lakini hakukinyoosha mahali ambapo Ngoto Lemayian alikuwa akimimina. Maziwa yalimwagika kwenye paja la Susu. Susu akaendelea kushika kikombe kitupu, akitabasamu, akingoja asikie uzito. Ngoto Lemayian akamfuta kwa shuka yake. Kisha akanigeukia mimi niliyekuwa nimesimama mlangoni.

"Mwalimu. Hii kitabu yenu ya zimwi, ile watoto wanasema. Koko ashaiona?"

"Bado. Tunangoja Krismasi, wageni wakuje."

"Wageni wako na macho," akasema. "Hata mwaka ujao wataona. Huyu je?"

"Nilitaka iwe siku kubwa, mama."

Hakupandisha sauti. "Na hiyo jicho yake," akauliza, "inajua Krismasi ni lini?"

Nimegombezwa sana maishani, mwanangu, na wazazi, na wakubwa wa kazi, hata na baba yako, Mungu amweke pema. Hakuna maneno yaliyoniingia kama yale. Nikakimbia ndani, ufunguo ukanitoka mkononi mara mbili, nikarudi na kitabu bila hata kunawa.

Lo, na hapo Susu mwenyewe akatugeuka! "Lakini sasa ni mchana," akasema, mkono tayari uko juu ya kitabu. "Hadithi haisimuliwi mchana. Ng'ombe zitapotea."

Hilo alilisema kwa dhati. Alilelewa hivyo, nasi tulilelewa hivyo, kwamba hadithi ni ya jioni kazi zikiisha, na anayesimulia jua likiwaka anapoteza mifugo. Ila jioni Susu alikuwa haoni kitu, hata taa ya karabai ikiwa mezani. Picha zilihitaji jua na hadithi ilihitaji giza.

"Susu, si basi utazame tu, bila kusimulia?"

"Nitazame zimwi na ninyamaze? Nitaweza kweli?"

Ngoto Lemayian akaketi chini kwenye nyasi, akanyoosha miguu. "Ng'ombe za hapa ni za nani?" akauliza. "Nyinyi muko na kuku. Ng'ombe ni zangu. Zikipotea nitatafuta. Simulia, koko."

Susu akacheka mpaka akakohoa. Nikakifungua.

Sijawahi kuona mtu akitazama kitabu namna ile. Aliweka uso karibu na karatasi, pua inagusa, akawa anasogeza kichwa polepole, kwa sababu lile bomba lake lilimwonyesha kipande kidogo tu kwa wakati mmoja. Mimi nilikuwa naona ukurasa mzima na kupita. Yeye alikuwa anaona ushanga mmoja. Kisha mwingine. "Huu ni mwekundu. Huu ni wa bluu. Aiya! Huu umepasuka!" Na kweli ulikuwa umepasuka, mchoraji alikuwa ameuchora na ufa, nami sikuwa nimeuona Jumamosi zote zile. Kwenye ukurasa wa miguu alikaa muda mrefu sana. Akaweka kidole kwenye mguu mmoja wenye bangili ya shaba, mguu ulioinuka juu kuliko yote.

"Huyu ni mimi," akasema.

"Susu!"

"Nakuambia ni mimi. Nilikuwa naruka hivyo. Uliza watu wa Mwala."

Akasimulia huku tukifungua, mchana kweupe, kwa sauti zake zote, ya msichana mwenye maringo na ya zimwi mwenyewe ya puani. Ngoto Lemayian alikuwa na toleo lake la kwao, akawa anaingilia kati, "Kwetu hapo kuna punda," na Susu anamjibu, "Punda ya nini? Endelea na maziwa yako." Nilikuwa sijawahi kufurahi vile. Nikasahau hata kulinda pembe za kurasa.

Tukafika kwenye upepo. Huo ndio ukurasa ambao hadithi yote inaungojea. Mchoraji alikuwa amechora uso wa dada mdogo peke yake, mkubwa, macho yamemtoka, na nzi watatu wakiruka kuelekea mahali tusipopaona. Susu akatembeza pua yake pembe hadi pembe. Akarudia. Akafungua ukurasa unaofuata mwenyewe, na mwingine.

"Mdomo uko wapi?"

Nikatazama. Mwanangu, ulikuwa haupo. Mara zote nilizokifungua sikuwa nimegundua kwamba ndani ya kitabu kizima, yule kijana amechorwa kwa mbele tu. Hata kwenye ukurasa wa asali uliona mikono ya mtoto na dhahabu inayotiririka, basi.

"Wamemwachilia," Susu akasema taratibu. "Wamechora kijana mzuri tu. Huyu hatakula mtu." Akakifunga kitabu, akakiweka magotini. "Ni kizuri. Lakini si yangu."

Nilitamani ardhi inimeze. Miezi mitatu nimemnyima, na sasa nimempa kitu chenye kasoro, na jicho lake halina siku nyingi za kutafuta kingine. Ngoto Lemayian alikuwa anachokoa nyasi. Mikono ya Susu ikawa inapapasa lile jalada la khaki, kama anavyopapasa maharagwe.

Kisha ikasimama.

"Ngoja," akasema. "Nani aliona mdomo?"

"Dada mdogo, Susu."

"Alikuwa wapi?"

"Alikuwa nyuma."

"Na sisi tumekaa wapi tangu asubuhi?" Akaanza kutikisa bega langu. "Tumekaa mbele! Tumemtazama uso kama ile mjinga dada yake! Geuza!"

Nikakigeuza kitabu. Nyuma palikuwa na khaki tupu, safi, na mikunjo ya rula ya Mzee Gitau.

"Hakuna kitu Susu, ni kava tu."

"Toa."

"Kava? Itachafuka, hii ilifunikwa mara..." Ndiyo, nilisema hivyo. Hata baada ya yote, mdomo wangu ulisema hivyo.

Hakuningoja. Alikuwa na kucha ndefu mbili za kuchagulia maharagwe. Akaingiza moja chini ya plastiki, akavuta, na selotepu ikalia kama kitambaa kinachochanika. Plastiki ikatoka. Khaki ikafuata. Ikapasuka katikati.

Nikapiga kelele. Nilipiga kelele mpaka kuku wakakimbia.

Alikuwa pale! Vumbi lile lile, shanga zile zile, lakini sasa kwa nyuma. Upepo umezipasua zile nywele nyekundu katikati, na katikati yake mdomo, wazi, mpana, meno ya njano yamepangana vibaya, na nzi mmoja ametua kwenye mdomo wa chini hajui kinachomngoja. Mchoraji alikuwa ameijua hadithi kuliko mimi. Alikuwa amemficha zimwi mahali pale ambapo hadithi inasema yupo, na ili umwone ilibidi uende nyuma kama yule mtoto. Na mimi nilikuwa nimelipia afunikwe mara mbili.

"Yuko, Susu, yuko!"

"Nyamaza, nimtafute mwenyewe." Akainamisha pua. Akatafuta kwenye nywele, akapita kushoto, akarudi. "Jino," akasema. Akasogea kidogo. "Jino lingine. Hili limeoza." Akasogea tena, na uso wake wote ukafunguka. "Nzi! Yuko na nzi! Ndiye! Ndiye huyu! Ndiye wangu!"

Ngoto Lemayian akapiga kigelegele, akasimama, akagonga kibuyu kwa mguu, maziwa yaliyobaki yakarukia kitabu. Hakuna aliyejali. Susu alikuwa ameinua kile kitabu juu kwa mikono miwili, anacheka machozi yakimtoka kwenye macho yote mawili, lile zima na lile lililokufa. Nami nililia. Nililia kwa furaha na kwa aibu kwa pamoja, hata sikujua lipi linatangulia.

Na ng'ombe walipotea kweli! Wawili. Lemayian aliwapata alasiri karibu na barabara ya Namanga, wakila maua kwenye ua wa mtu. Susu alijilaumu wiki nzima. Ngoto Lemayian alisema wamenenepa.

Tangu siku hiyo kitabu hakikurudi kabatini. Kililala kitandani kwa Susu. Kila asubuhi jua likipanda alikaa mlangoni akakipitia, kipande kwa kipande, na watoto wangu wa nasari nikawaleta, vidole vya uji na yote, wakamzunguka. Wakawa wanamwambia kilichopo upande asiouona, naye anawaambia walichokipita. Alipata wiki nne. Kisha, mwanzoni mwa Desemba, jicho likafunga. Alituambia wakati wa chai, kwa utulivu, kwamba leo jua halijatoka, na sote tuliona jua lilivyokuwa linawaka.

Krismasi wajomba wakaja. Nyumba ikajaa, vikombe vyenye maua vikatolewa. Jioni, baada ya chapati, Susu akaomba kitabu chake. Akakisimamisha magotini, uchi kama alivyokiacha, kina madoa ya maziwa na pembe zilizokunjamana, akaanza kufungua. "Hapa kuna miguu," akasema, kidole kikaenda moja kwa moja kwenye bangili ya shaba. "Huu ni wangu." Akafungua tena. "Hapa kuna twiga wawili. Mkubwa wao anatafuna." Kila ukurasa aliukuta mahali pake. Wajomba wakawa wanasogeza viti, watu wazima wenye vitambi, wanasukumana waone.

"Kumbe Mama bado anaona vizuri hivi!" mdogo mmoja wa baba akasema.

Baba alitazama sakafu. Susu akaendelea mpaka mwisho, kisha akauliza, akiwatazama kwa macho yale yasiyoona, "Sasa, nani aliona mdomo?" Wakababaika. Akawaangalia hivyo hivyo, anafurahi ajabu. "Basi geuzeni," akasema.

Mwanangu, wiki nne zile ndizo zilizompa Krismasi ile. Kama ningeshikilia siku yangu kubwa, ningemfunulia kipofu kitabu mbele ya watu, nami nimevaa gauni jipya.

Sasa sikiliza kwa nini nimekusimulia haya. Jana nilipokuja kwako Kimuka, nilikiona kile kitabu juu ya friji. Kile kikubwa chenye picha, ulichomnunulia mtoto, kingali ndani ya plastiki yake. Nilikuuliza, ukanijibu, "Mama, hiyo ataharibu, ngoja akue kidogo." Nilinyamaza kwa sababu ulikuwa na wageni. Lakini usiku sikupata usingizi vizuri, nikacheka peke yangu, maana niliisikia sauti yangu mwenyewe.

Kishushe. Kishushe leo. Zikichanika kurasa, utabandika. Mtoto wa miaka mitatu anaona vitu ambavyo akifika sita atavipita tu, na wewe pia una macho ya leo, hujui ya kesho. Usikitunze kitu kizuri mpaka kikamkosa aliyekusudiwa. Na ukikaa naye kumsomea, usiharakishe. Mwache atie pua. Mwache akuambie ni ushanga gani umepasuka. Mkifika mwisho, kabla hujakifunga, kigeuze kwanza, maana watu wanaochora vitabu hivi ni wajanja kuliko sisi.

Kile cha Susu bado ninacho. Hakijawahi kuvaa khaki tena. Jumapili nitakuja nacho, nimwonyeshe mjukuu wangu mguu wa Susu.

Mungu akubariki, mwanangu. Akuachie macho yako, na ya mtoto wako, miaka mingi ya kutazamana. Ajaze nyumba yako vitabu vyenye madoa ya maziwa. Na kila mtoto atakapokuita, "Mama, kuja uone," akupe miguu ya kwenda saa hiyo hiyo, hata kama hujanawa mikono.